Ushuhuda Usiokuwa Wangu

Kwenye matanga ya Priska huko Lemon Gaba, hapa Juba, mwezi uliopita, sisi wazee wenzake tuliobaki tulikuwa watano tu. Walituketisha kwenye mkeka wa mbele kama vyombo vya wageni, wakatuletea asida, ule ugali wetu, na mchuzi wa bamia kavu, na vijana wa kanisa wakaambiwa wakae watusikilize. Basi mmoja wetu akaanza kusimulia ule mwaka tuliokuwa tunauita mwaka wa moto, jinsi Priska alivyokuwa akiimba mpaka mishipa ya shingo inasimama, jinsi watu walivyookoka. Halafu akaninyooshea kidole. "Huyu mnayemwona amenyamaza, huyu Keji, ndiye aliyemtoa Haboba Tabita gizani. Alimtoa ndani kabisa ya nyumba ya tajiri wa Hai Jalaba!" Vijana wakapiga makofi. Msichana mmoja akanipiga picha kwa simu. Nilikuwa nimetia tonge mdomoni, nikashindwa kulimeza na kulitema nikaona haya. Nilikaa nalo mpaka makofi yakaisha.

Matanga si mahali pa kubishana, na Priska alikuwa rafiki yangu. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba nikifa mimi, itasimuliwa hivyohivyo, na watoto wataiga. Kwa hiyo naandika. Herufi nilifundishwa kwa Kiswahili, katika darasa la ubatizo, kwenye kambi ya wakata miwa kule Uganda, na baada ya hapo sikuongezewa nyingine. Mjukuu wangu atarekebisha nukta. Maneno asiyaguse.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu turudi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sisi tuliotoka Uganda tulirudi Juba na mabati, na cherehani, na wokovu, na vyote vitatu tulivionea fahari. Waliokaa hapa muda wote wa vita tuliwaita "waliobaki", na neno lenyewe tulilitamka kana kwamba ni jina la ugonjwa. Tuliwaza: huyu alikula wapi miaka hiyo yote? Alimpigia nani magoti ndipo asiuawe? Hakuna aliyeuliza kwa mdomo. Macho yaliuliza. Tukienda kanisani, sisi tulikaa mbele na wao nyuma, na hakuna aliyepanga hivyo.

Ushirika wetu tuliuleta kutoka kambini kama ulivyo. Wanawake waliookoka tulikutana kila Alhamisi saa kumi chini ya rakuba ya Priska, kile kibanda cha nyasi alichokijenga mbele ya nyumba yake. Kwetu dhambi haikupelekwa kwa mchungaji chumbani. Mtu alisimama mbele ya wenzake akaitaja kwa jina lake: nilimlaani mke mwenzangu, nilimwekea shemeji chumvi nyingi makusudi, nilimtamani mwalimu wa kwaya. Ukishaitaja, wenzako wanaimba, wanakukumbatia, umekuwa huru. Tuliita kuiweka nuruni. Sitaki mtu asome hapa akadhani ninadhihaki jambo lile. Nimeona wanawake waliokuja wamekunjamana wakarudi nyumbani wamenyooka. Lilikuwa jambo zuri. Mimi ndiye niliyeliharibu, na nililiharibu nikiwa na Biblia kwapani.

Mchungaji wetu alikuwa mzee mkimya, ambaye ukimtafuta unamkuta ameinamia baiskeli yake. Siku moja baada ya ibada aliniita. Kuna mama, akasema, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na meza ya Bwana ikiandaliwa, anatoka nje. Macho yake yana ugonjwa, kope zinaota kwa ndani zinakwaruza jicho kama mchanga. Mwanamke aliyekuwa akimng'olea amejifungua mapacha, hana nafasi tena. "Wewe una vidole vyembamba," akaniambia. "Nenda Jumanne na Ijumaa. Mng'olee kope, msikilize, rudi nyumbani. Usihubiri. Na usiimbe." Nilicheka. Nilidhani anatania.

Haboba Tabita, sote tulimwita haboba kwa maana ya bibi, alikaa Hai Jalaba katika ua wa mfanyabiashara mmoja wa kutoka kaskazini. Chumba chake kilikuwa nyuma, kimeshikana na jiko, mlango wa bati lililonyooshwa kutoka pipa la mafuta. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, sanduku moja la chuma lenye maua yaliyofifia, na mtungi wa maji. Kulinukia kitunguu kinachokaangwa, na juu ya kitunguu udi ambao mke wa tajiri alijifukiza. Mke huyo aliitwa Sitti Zeinabu, mwanamke mnene wa kucheka, pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Siku ya kwanza ndiye aliyenipokea, akaita kuelekea nyuma: "Halima! Binti wa ndugu yako amefika!" Nikageuka nione Halima ni nani. Haboba akanivuta mkono mpaka ndani, akarudisha bati. "Hapa mimi ni Halima," akaninong'oneza. "Na wewe ni binti wa ndugu yangu wa Rejaf. Unaweza kubeba hilo?" Nikamwambia naweza. Nilisema upesi sana, kama mtu anayepokea kikapu bila kuuliza uzito wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alilala kitandani, kichwa pajani pangu, uso kuelekea mlangoni penye mwanga, na mimi nilikunjua ukope kwa kidole gumba nikatafuta vile vijinywele kwa kibano cha shaba alichotupatia Sitti Zeinabu. "Usivute kwa hasira," Haboba alinifundisha. "Vuta kama unamtoa mtoto mwiba." Machozi yalimtoka, si ya kulia, ni ya jicho lenyewe, yakalowesha gauni langu. Na kwa sababu hakuweza kuniona wakati ninafanya kazi, alisema. Miezi mitatu alinisimulia mambo madogo madogo: jinsi ya kuchagua samaki kwa kumtazama mashavu, jinsi baba yake alivyoogopa kuku. Sitti Zeinabu alipita na glasi za kerkede, kile kinywaji chekundu cha maua, chenye sukari, akasimama mlangoni akatuchokoza. "Halima, huyu binti atakung'oa na nyusi pia, uonekane kama yai." "Yai la wapi," Haboba akajibu, "mimi ni jiwe, nenda ukanyonyeshe." Walicheka kwa namna moja, wale wawili, mkono mdomoni. Nililiona hilo, na nilipokuja kuhitaji kulikumbuka sikulikumbuka.

Sasa nieleze hali yangu kule kwa Priska, maana ndipo ilipotokea. Mimi sikuwa na ushuhuda. Wenzangu walikuwa na dhambi nene. Mimi nilibatizwa mtoto, nikaokoka mtoto, nikaolewa kwa utaratibu. Kila Alhamisi nilisimama nikasema kwamba utotoni niliiba sukari ya mama. Alhamisi moja Priska akanikatiza: "Dada Keji, sukari hiyo umeila mwaka mzima, haijaisha tu? Mimi iko taabu na kisukari kwa kukusikiliza!" Rakuba nzima ilicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Priska hakuwa na ubaya, na Kiswahili chake cha kambini kilichekesha hata akiomba. Mimi nilicheka pia. Lakini njia nzima nilikwenda nimeuma meno.

Jumanne iliyofuata Haboba alisema lile alilokuwa amelizunguka miezi yote. Nilikuwa kwenye jicho la kushoto. Akasema: "Keji, nataka umpelekee mchungaji swali. Usitaje jina. Sema kuna mtu." Nikamwambia, haya, sema. Akaanza. Kwamba wakati wa vita nyumba yake upande wa Rejaf ilichomwa, akafika mjini hana hata sufuria. Kwamba Zeinabu alimkuta sokoni anaokota maganda, akamchukua, akampa chumba hiki. Kwamba mji ulikuwa na askari wa kaskazini kila pembe na yeye aliogopa, basi siku moja alimwambia Zeinabu, nifundishe kusali kwenu. "Hakuna aliyenilazimisha, binti yangu. Hata hakuniomba. Ningelazimishwa ningekuwa na la kusema." Alipewa jina Halima. Akafunga pamoja nao, akasali pamoja nao, miaka saba. Na alipokuwa peke yake akikanda unga alisema Baba Yetu kwa sauti ya chini, mpaka siku moja akagundua kuna mstari umempotea, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Nikaacha kung'oa. Akasema, endelea, nikiacha kusikia kibano nitaogopa. Nikaendelea. "Na jambo lingine," akasema, "hili sijamwambia mtu. Kulikuwa na siku nilisali na Zeinabu, bega kwa bega, na moyo wangu ukatulia. Kweli kabisa ukatulia. Sijui nilikuwa naongea na nani. Sasa amani imekuja, Jumapili namwambia naenda kwa ndugu, nakuja kwenu nakaa nyuma. Mwulize mchungaji: mtu kama huyo anaweza kuikaribia meza, akanywa kile kikombe, au amekwisha? Akisema amekwisha, nitakaa palepale nyuma, sitachukia. Nataka kujua tu kabla sijafa. Na Zeinabu asijue. Atadhani miaka yote nilikuwa namla kwa uongo."

Nilimwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, kila neno, ndiyo maana naweza kuyaandika leo. Watu wanasema kusikiliza ni kunyamaza mwenzako anaposema. Mimi nilinyamaza vizuri sana. Lakini ndani yangu, wakati kichwa chake kiko pajani pangu, tayari nilikuwa nimesimama chini ya rakuba ya Priska.

Jumatano nilipita kwa mchungaji. Alikuwepo. Alikuwa ameipindua baiskeli, mikono myeusi kwa mafuta. Akauliza, "Yule mama hajambo?" Nikasema hajambo. Akangoja kidogo, kama mtu anayejua kuna lingine, na mimi nikasema jua kali leo, nikaondoka. Nimelirudia hilo mara nyingi. Laiti ningesema pale, jambo lote lingechukua muda wa kufunga nati moja.

Alhamisi nikasimama. Nilianza kwa kusema nina mzigo juu ya ndugu yetu aliye gizani. Hivyo ndivyo tulivyosema tukitaka kusema habari za mtu. Nikasema yote. Nikataja Tabita na nikataja Halima. Nikataja ua wa nani. Na nilipofika kwenye ule utulivu wa moyo, niliishusha sauti, nikangoja kidogo kabla ya kusema, kama wanavyofanya wahubiri. Wanawake wakashika vichwa. Wengine wakalia. Nikaona macho ya Priska yanang'aa, yananitazama mimi, na sitadanganya: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko ile sukari.

"Kwa nini sisi nakaa hapa?" Priska akaruka. "Dada yetu iko kwa kifungo! Twende sasa hivi!"

Tulikuwa karibu ishirini. Tulipita njia kuu mchana kweupe tukiimba, kwa makofi, watu wakatoka madukani kutazama. Ningeweza kusema ngoja. Nilikuwa na njia nzima ya kusema ngoja. Badala yake nilipunguza mwendo, mmoja akanipita, mwingine akanipita, mpaka tunafika lango la ua nilikuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya mgongo wa mama mmoja mpana.

Sitti Zeinabu alitoka na unga mikononi. Alidhani ni arusi, alikuwa anatabasamu. Priska akamwambia kwa Kiarabu chetu cha Juba kwamba tumekuja kumchukua Tabita, mtoto wa Yesu, aliyefanywa Halima. Zeinabu akatutazama, halafu akaita bila kugeuka: "Halima. Hawa wanamtaka Tabita. Tabita ni nani?"

Haboba akatoka chumbani ameshika ukuta. Nilikuwa nimefanya kazi jicho moja tu Jumanne ile. Lingine lilikuwa jekundu amelifumba. Wanawake wakaanza kumkumbatia, kumwambia tubu, dada, sema tu, useme uwe huru. Alisimama kama mtu anayenyeshewa. Halafu akauliza, si kwa ukali: "Keji yuko nanyi?"

Alikuwa hanioni, nami nilikuwa namwona. Akauliza tena. Ndipo Priska akasema kwa furaha, "Yupo, haboba! Ndiye aliyekuleta nuruni!"

"Ah," akasema Haboba.

Zeinabu alikaa chini kwenye kizingiti na unga wake. "Ungeniambia tu," alimwambia. "Miaka yote hii. Ulidhani mimi ningefanya nini?" Ukweli wa Haboba ulikuwa na sehemu mbili, na yupi katika sisi angemwelewa akisema zote mbili mbele ya watu ishirini? Sisi tukaimba. Tuliimba tukaujaza ua ule wote, na pacha mmoja akaamka akalia.

Jumamosi Haboba aliondoka kwenda Rejaf kwa mpwa wake wa kweli. Hakuna aliyemfukuza. Nilijua hivyo kwa sababu nilikwenda kule uani, siku nne baadaye, na Sitti Zeinabu hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akaingia, akatoka na kile kibano cha shaba amekifunga kwenye kitambaa. "Mpelekee. Kule hawana. Na umwambie mimi sikumfukuza. Nilimwomba akae. Hilo unaweza kulisema kama lilivyo?" Nikasema naweza. Safari hii nilisema polepole.

Kabla ya kwenda nilimpitia mchungaji, nikamwambia yote, hata Jumatano. Aliifuta mikono kwa muda mrefu. "Swali lake lilikuwa hilo tu?" akasema. "Aje. Mwambie aje, hata Jumapili hii. Mimi mwenyewe nitamshikia kikombe." Akaikamata baiskeli tena. Sikuondoka, nikawa nangoja anigombeze. Mwishowe akasema, bila kuinua uso: "Nilikuambia usiimbe."

Rejaf nilimkuta Haboba anachambua karanga kwenye ungo, kwa kupapasa. Nikapiga magoti. Nikasema nimekosa, sikusema mengine. Akasema, "Nimekusamehe, inuka, chini pana sisimizi." Mpwa wake akaleta samaki na asida, Haboba akanisukumia upande wenye nyama. Nikampa salamu za Zeinabu kama zilivyo. Alizisikiliza akiwa amesimamisha mikono, kisha akaendelea na karanga. Nikampa jibu la mchungaji. Akauliza, "Alisema hivyo? Aje tu?" Nikasema ndiyo, alisema hivyo hivyo. Akatikisa kichwa, si kukataa, ni kama mtu anayesikia bei ya kitu baada ya soko kufungwa. "Vizuri," akasema. "Mchungaji mwema. Karanga mwaka huu ndogo, mvua ilichelewa."

Nikafungua kitambaa, nikamwambia alale nimng'olee, macho yalikuwa yamevimba yote mawili. Akanyoosha mkono, akakipokea kibano, akakipapasa ncha. "Nitazitoa mwenyewe," akasema. "Nimejifunza kwa kidole." Nikabembeleza. Akasema malesh, si kitu, binti yangu, kwa upole kabisa, na akakitia kifuani. Nilikwenda tena mara mbili mwaka ule, nikamchotea maji, nikamfulia, nikamfagilia ua. Kila mara alinilisha. Alinisimulia habari za karanga, za mvua, za mbuzi wa jirani. Neno lake mwenyewe hata moja hakunipa tena.

Tangu hapo nimetembelea wagonjwa miaka mingi kuliko niliyoishi kabla. Kanisani wanasema mama huyu ana kipawa cha kusikiliza, ukimwambia jambo limezikwa. Si kipawa, ni woga. Nauogopa mdomo wangu kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. Nanyamaza, nafua, nafagia, narudi nyumbani. Na wakija wasichana wa kanisa kuniuliza tufanyeje tunapotembelea watu, nawaambia kwa ukali, wananiona mkali, sawa: ukitoka kwa mtu, usitoke na kitu chake.

Mara yangu ya mwisho Rejaf ilikuwa Jumapili. Mchungaji wetu alikuja kule kwa baiskeli kuendesha ibada, na nadhani alikuja kwa ajili yake, ingawa hakusema. Nilimshika Haboba mkono tukaingia. Safari hii hatukukaa nyuma. Nilimpeleka benchi la katikati, akakaa mwishoni upande wa njia, mimi ndani. Niliomba ibada nzima, na niliomba jambo moja tu. Meza ikaandaliwa. Mchungaji akainua kikombe, akasema njoni, akatazama upande wetu, akasema tena, njoni. Nikamgusa Haboba begani. "Haboba, twende." Hakutoka nje kama zamani. Alikaa, uso wake umeelekea mbele kwenye sauti ile, na nyuma yetu na kando yetu watu wote wa Rejaf, ambao habari ilikuwa imewafikia kabla yake, walikuwa wanamtazama waone kama atainuka. "Nenda wewe," akaniambia. Nilibaki nimesimama. Benchi zima lilikuwa limesimama nyuma yangu, linanisubiri nipite. Basi Haboba akavuta miguu yake chini ya benchi, akakusanya gauni lake lisikanyagwe, ili nipate njia. Nikapita, nikaenda mbele, nikanywa.